Kupika, kufua na kulea: mbele ya Kadhi ni mchango au si mchango?

Mwanafunzi wa Tunguu
Assalaam alaykum. Naleta hoja, mnishambulie kwa adabu. Nasoma sheria, na darasani kwetu hakuna hukumu inayotajwa kama ile ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahkama ya Rufaa ya Tanzania, 1983: kazi za nyumbani ni mchango wa mke katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Likizo hii nimejitolea kwa wasaidizi wa sheria Pemba. Anakuja mwanamke aliyeachwa, nyumba ya matofali iko pale pale na yeye yuko nje na mabegi yake. Swali la mwanzo analoulizwa: "Una risiti?" Hana. Basi anaelekezwa adai matunzo ya eda na ya watoto, na mambo yanaishia hapo.

Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya Zanzibar ya 2017 imempa Kadhi uwezo wa kugawa mali za wanandoa palipo na mchango. Kwa nini mchango uwe mifuko ya saruji tu? Mume angekuwa analipa mpishi, dobi na yaya, saruji hiyo angeinunua kwa fedha zipi?

Wakili wa Chake
Mwanangu, umeanza vizuri ukapotea njiani. Hukumu ile ilitafsiri Sheria ya Ndoa ya 1971, nayo ni ya Bara, huku haitumiki. Tena Katiba ya Zanzibar ya 1984 imeyatoa mikononi mwa Mahkama ya Rufaa mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi. Yanakomea Mahkama Kuu yetu. Kwa hiyo ukisimama Wete ukamtajia Kadhi kesi ya Bi Hawa, atakusikiliza kwa heshima, lakini haimfungi.

Na jengine wanalolipita haraka madarasani: Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahkama iliikubali kanuni, kisha ikaona fedha alizokwishapewa na mume, akazitumia ovyo, zinatosha kuwa fungu lake. Kanuni ikashinda, mwenye kesi akarudi mikono mitupu. Hukumu isomwe mpaka ukurasa wa mwisho.

Mwalimu wa madrasa
Nashukuru wakili. Mimi sipingi mwanamke kupata haki yake. Napinga kuingiza mali ya shirika ndani ya nikahi kwa mlango wa nyuma. Katika Uislamu mali ya mke ni yake na ya mume ni yake. Ndiyo maana mke tajiri halazimishwi kununua hata chumvi ya nyumba. Tukisema kila alichochuma mume kina fungu la mke, basi na mume adai fungu katika duka la mkewe? Mnalitaka hilo?

Mwanafunzi wa Tunguu
Sheikh wangu, kwa madhehebu yetu hayo hayo ya Shafi, wanazuoni wengi wamesema kupika na kufua si wajibu wa mke. Kama si wajibu, na amefanya ndoa nzima, kazi hiyo tuiweke fungu gani?

Mwalimu wa madrasa
Hisani. Na mwenye kufanya hisani harudi kudai ujira.

Mwanafunzi wa Tunguu
Hisani ni ya mtu aliyekuwa na hiari ya kuacha. Nani kijijini aliacha kupika akabaki na ndoa yake? Malaysia nao ni Mashafi, na mahkama zao za sharia zinagawa mali waliyochuma mume na mke pamoja, wanaiita harta sepencarian. Wamejengea juu ya ada, yaani mila, ya watu wao, na ada kuwa hoja si jambo geni katika fiqhi.

Mwalimu wa madrasa
Ada ya Wamalay haiwi ada ya Micheweni. Nionyeshe ada yetu kwanza.

Bi Mkubwa wa mwani
Hebu niingie, ijapokuwa sikusoma. Ada yetu ndiyo hii: bamvua likitoka, maji yakikupwa, niko pwani na kamba zangu za mwani, nikirudi napika. Fedha ya mwani nampa mume mkononi, ananunua bati, risiti inaandikwa jina lake. Ningedai karatasi kwa mume wangu watu wangenicheka mtaa mzima. Mnabishana habari ya kupika, na hata huo mwani wangu hamna pa kuuandika.

Wakili wa Chake
Bi Mkubwa amegusa penyewe. Wanafunzi wanahifadhi kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai na kiapo ni juu ya mwenye kukana, halafu hawaulizi kanuni hiyo inamwangukia nani. Ukikosa ushahidi, mume akikana na akaapa, kesi imekwisha. Lakini risiti si ushahidi pekee. Mlete fundi uliyemlipa kwa mkono wako, jirani aliyejua fedha za mwani zimekwenda wapi, hata sheha, kiongozi wa shehia yenu, kama alikuwepo. Hao nimewaona wakisikilizwa. Kazi ya jikoni peke yake, nasema kweli, ni bahati na Kadhi uliyemkuta. Mimi ningetaka Baraza la Wawakilishi liandike wazi kwamba inahesabiwa au haihesabiwi, wagombane wao huko Chukwani kuliko kumwachia kila Kadhi rai yake.

Mwalimu wa madrasa
Na wakiandika inahesabiwa bila ya kukaa na maulamaa, itakataliwa misikitini kabla haijafika mahkamani.

Bi Mkubwa wa mwani
Haya, tuseme nimeshinda. Nyumba imo ndani ya kiambo cha kwao mume, chini ya mikarafuu ya babu yake, na urithi wenyewe haujagawiwa. Robo yangu nitaikata wapi?

Wakili wa Chake
Hukati, Bi Mkubwa. Linathaminiwa jengo bila ya ardhi, yeye anabaki na nyumba, wewe unalipwa fungu lako kwa fedha. Tatizo ni kwamba wengi wanasema hawana, na anayekubali huomba alipe kidogo kidogo msimu wa karafuu. Ukikubali hivyo, hakikisha tarehe na kiasi vimo ndani ya hukumu yenyewe, isiwe ahadi ya barazani.