MJADALA: Shirika kumlipa mwalimu wa shule ya umma kwa kila mtoto anayejua kusoma, tukubali au tukatae?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila matokeo ya darasa la saba yakitoka tunagombania madarasa na madawati, tunasahau kwamba Tanzania imeshawahi kujaribu kitu tofauti kabisa, tena kwa ukubwa wa maana.

Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza, ambalo si la serikali wala si la biashara, lilichukua shule za msingi za umma 350 katika wilaya 10 na kuzigawa kwa kura. Mradi ukaitwa KiuFunza. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, pesa ikaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Shule nyingine 70 hazikupewa ruzuku, ila walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa bonasi: shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo, iwe Kiswahili, Kiingereza au Hisabati, na mwalimu mkuu shilingi 1,000. Shule 70 zikapata vyote viwili. Zile 140 zilizobaki zikawa za kulinganishia.

Miaka miwili baadaye, ruzuku peke yake ilikuwa haijaongeza ujuzi wa watoto hata kidogo. Bonasi peke yake ilitoa matokeo ya kuyumbayumba. Vilipokwenda pamoja watoto walijifunza zaidi, na ongezeko lenyewe lilizidi hata ukijumlisha la ruzuku na la bonasi kila moja kivyake.

Mimi naunga mkono bonasi. Ruzuku tunayotuma shuleni itaendelea kuliwa na chaki na karatasi za mitihani mpaka mwalimu wa darasa la kwanza aone kuna mtu anayefuatilia kama mtoto kajua kusoma au hajajua. Ila sitaki ilipwe na shirika milele. Karibuni tubishane.

Mwalimu wa Kanda ya Ziwa

Mkuu, ungepita kwanza darasani kwangu kabla ya kuniwekea bei.

Nafundisha darasa la kwanza, watoto wamevuka mia. Dawati la watatu wanakaa watano, waliobaki wako chini. Huhitaji kuniuliza nani anakaa wapi, chukua daftari tu. Anayeandikia gotini mistari yake yote imelala upande mmoja. Vitabu vya kusoma tunagawana kimoja watoto sita, wanakizunguka, na anayekaa upande wa juu anaziona herufi zimepinduka. Ninaye mmoja anasoma vizuri kabisa kitabu kikiwa juu chini. Ukimgeuzia kikae sawasawa, anakwama.

Kusahihisha ndiyo kazi isiyoonekana kwenye ripoti zenu. Naanza na madaftari ya Kiswahili, kengele ya mapumziko inalia sijafika katikati, ya Hisabati sijayagusa. Sasa mtu akija na elfu tano akaniambia nilikuwa sifundishi kwa sababu sikuahidiwa kitu, hilo ni tusi, hata kama pesa nitaipokea. Na nitaipokea.

Halafu mwenzangu wa darasa la sita, anayehangaika na watoto waliopita kwa watu wengine kabla hawajafika kwake, yeye anapata nini? Ofisi ya walimu ni chumba kimoja, mkuu. Tutanuniana.

Mchumi wa Kijiweni

Mwalimu, shikamoo. Hakuna aliyekuita mvivu, na utafiti wenyewe hausemi hivyo. Ungekuwa unasema walimu ni wavivu, bonasi peke yake ingetosha kuwaamsha. Haikutosha. Mwalimu mwenye hamu lakini hana vitabu amekwama, na shule yenye vitabu lakini haina wa kuvihimiza nayo imekwama. Mimi naona hiyo ni hoja yako wewe, siyo ya wanaokutukana.

Kwa nini ruzuku peke yake ilipotea? Sehemu ya jibu ni kwamba pesa ilipoingia shuleni, nyumbani wazazi wakapunguza waliyokuwa wakitumia. Si ubaya, ndivyo watu wenye kipato kidogo wanavyofanya hesabu. Mengine nasema mimi mwenyewe: nimeona vitabu vipya vimefungiwa kwenye kabati la mwalimu mkuu "visichafuliwe".

Na bonasi tusiikuze. Darasa la watoto 100, wakifaulu 40 Kiswahili, mwalimu anaondoka na 200,000 kwa mwaka. Haijengi msingi wa nyumba.

Mdau wa Busia

Hamjambo majirani. Naingia kutoka Kenya kwa sababu hii sinema tuliiona mwishoni mwa miaka ya 1990, hapa Busia na Teso. Shirika la Kiholanzi liitwalo ICS lilichukua shule 100, nusu zikaingizwa kwenye mpango wa kuwatuza walimu kulingana na matokeo ya mitihani ya wanafunzi. Zawadi hazikuwa pesa taslimu. Zilikuwa suti, vyombo vya mezani, seti ya chai, mashuka na blanketi. Waliochunguza ni Glewwe, Ilias na Kremer, huyu Kremer ndiye aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili.

Alama zilipanda. Lakini walimu waliokuwa wakikosa darasani waliendelea kukosa vilevile, kazi za nyumbani hazikuongezeka, ufundishaji haukubadilika. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kuwanoa watoto kwa mtihani. Zawadi zilipokoma, alama nazo zikashuka. Kwa hivyo mnapotuambia "watoto walijifunza", swali letu la kwanza ni walijifunza au walinolewa?

Mleta mada

Swali zuri hilo, na ndiyo maana nataka tuutazame mtihani wenyewe. Wa Busia ulikuwa mtihani wa kawaida, darasa zima na karatasi. Wa KiuFunza mtoto anapimwa mmoja mmoja, uso kwa uso, na mtu asiye mwalimu wake. Anaonyeshwa silabi, kisha maneno, kisha sentensi. Aliye juu zaidi anapewa aya au hadithi fupi ambayo hajawahi kuiona, na wa darasa la tatu anaulizwa maswali kuona kama ameelewa. Unaweza kumkaririsha mtoto majibu ya kuchagua a, b, c. Kumkaririsha aya asiyoijua, utaanzia wapi? Ukimnoa mpaka akaweza kusoma aya ngeni, basi umemfundisha kusoma.

Suti kwa mwalimu bora hata mimi siitaki.

Afisa Elimu Mstaafu

Vijana wangu, nimewasoma. Mnajadili kama bonasi inafanya kazi, mimi nauliza ni kazi ya nani.

Mwaka 2005 Wizara ya Elimu iliipiga marufuku HakiElimu, shirika la kutetea elimu, isifanye wala kuchapisha tafiti kuhusu shule zetu. Wengine wenu mlikuwa chekechea. Nilikuwa kazini wakati ule na marufuku ile sikuipenda, kwa sababu shirika likisema choo hakuna, dawa ni kujenga choo. Lakini kutoa taarifa ni kitu kimoja, kuingiza mkono kwenye malipo ya mtumishi wa umma ni kitu kingine. Mwalimu ana mwajiri mmoja. Leo shirika la kusoma linamlipa kwa silabi, kesho shirika la lishe litamlipa kwa uzito wa watoto, keshokutwa la mazingira kwa idadi ya miche. Nani atamwambia afundishe nini?

Tena tumeyaona ya mwanzoni mwa 2025. Marekani ilipoisimamisha USAID, shirika lake la misaada, miradi ya elimu iliyotegemea mfuko huo ikasimama na vifaa vyake. Mwalimu aliyezoeshwa bonasi siku wafadhili wakiondoka atafundisha kwa moyo gani?

Serikali ilipoamua yenyewe, ilifanya. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukapunguzwa masomo, mkazo ukawa KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Hakuna aliyelipwa elfu tano kwa hilo.

Mchokozi

Mzee wangu kamaliza. Mimi naongeza dogo tu: Rakesh Rajani, mwanzilishi wa Twaweza na aliyekuwa mkuu wake, ni mmoja wa waandishi wa huo utafiti wa KiuFunza. Mpishi ndiye anatusimulia chakula kilivyokuwa kitamu.

Mleta mada

Mzee, shikamoo. Nianze na Mchokozi, yeye ni mwepesi. Ni kweli Rajani yumo, na jina lake limeandikwa waziwazi pamoja na la Mbiti, Muralidharan na wengine. Lakini hebu soma walichokiandika. Shirika limemwaga pesa kwenye shule 70 kwa miaka miwili, halafu linatangaza kwamba pesa hiyo haikuongeza ujuzi wa watoto. Mpishi gani anatangaza sufuria yake ya kwanza iliungua?

Sasa Mzee. Marekebisho ya 2015 unayoyasifu hayakuota yenyewe. Uwezo, mpango uliokuwa chini ya hao hao Twaweza, ulianza 2009 na ukapeleka watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda, wakimpima mtoto pale pale barazani. Ripoti zake za mwanzo zilionyesha kwamba katika watoto kumi wa darasa la tatu, karibu watatu tu ndio wangeweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Sisemi Uwezo peke yao waliibadilisha Wizara. Nasema baada ya ripoti zile hakuna waziri aliyeweza kusimama na takwimu za uandikishaji peke yake.

Hoja ya mwajiri mmoja naikubali asilimia mia. Ndiyo maana nilisema sitaki shirika lilipe milele. Shirika lijaribu, likosee kwa pesa yake, kikifaa serikali ikichukue na ikiingize kwenye bajeti. Tatizo langu ni kwamba sisi tunachukua kile nusu rahisi, ruzuku, na kuacha nusu inayouma.

Mama wa Mbagala

Samahanini wasomi, mimi ni mzazi tu. Kijana wangu yuko darasa la tatu na hajui kusoma. Anajua kujifanya anasoma. Anakariri kutoka kwa anayeanza, ikifika zamu yake anaimba ukurasa mzima bila kutazama kitabu. Niligundua siku nilipomwonyesha pakiti ya unga, hakuweza hata "sembe".

Swali langu, huyo mwalimu wa elfu tano atahangaika na wangu? Kama analipwa kwa atakayefaulu, si atachukua wale waliokaribia, wangu amwache huko nyuma?

Mchumi wa Kijiweni

Mama, hilo ndilo swali bora kuliko yetu sote, na walilifanyia kazi. Awamu ya pili ya KiuFunza, 2015 na 2016, walipambanisha njia mbili za kulipa bonasi. Ya kwanza iligawa ujuzi kwa ngazi, mtoto akivuka silabi mwalimu anapata kitu, akivuka maneno anapata tena, kwa hiyo hata mtoto wa nyuma kabisa ana thamani kwake. Ya pili ilikuwa ya kitaalamu zaidi, ilimshindanisha kila mtoto na wenzake walioanzia kiwango kimoja naye. Vitabuni hiyo ya pili ndiyo ya haki zaidi. Kwenye shule zenyewe ile rahisi ya ngazi haikuzidiwa, na mtu akiniuliza sababu nitasema mwalimu aliielewa. Ile nyingine inataka kikokotoo na mtu wa kukueleza.

Mwalimu wa Kanda ya Ziwa

Ya ngazi naiunga mkono, nasema bila kinyongo. Darasani kwangu kumtoa mtoto kutoka "ba be bi" mpaka neno zima ni kazi kubwa kuliko kumtoa kwenye sentensi mpaka aya, na hakuna anayeihesabu.

Mama, kijana wako usimchape. Kata karatasi, andika silabi moja moja, zichanganye, mwambie aunge majina ya watu wa nyumbani. Anayekariri hawezi kukariri zilizochanganywa.

Mama wa Mbagala

Asante mwalimu. Na hiyo ruzuku mnayosema, shule ya wangu inapata kiasi gani? Tangu elimu bure ianze 2016 tunaambiwa serikali inalipa, lakini hatuambiwi ngapi.

Mchumi wa Kijiweni

Kiwango ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndizo zinazotumwa shuleni. Shule ya watoto 1,000 ipige hesabu: milioni 6 kwa mwaka, laki 5 kwa mwezi. Chaki, ukarabati, mitihani, michezo, vyote humo.

Afisa Elimu Mstaafu

Na inatakiwa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, mama. Nenda kausome. Ukikuta ubao mtupu, muulize mwenyekiti wa kamati ya shule, usimuulize mwalimu mkuu peke yake.

Wewe mleta mada, hujanijibu bado. Serikali ikiichukua bonasi, nani atawapima hao watoto? Ukimpa mwalimu mkuu naye analipwa 1,000 kwa kila anayefaulu. Ukimpa ofisi ya wilaya, nao wanatafuta sifa mkoani. Twaweza walikuwa na watu wao wa nje. Sisi tutawatoa wapi?

Mleta mada

Wa wilaya jirani, Mzee. Wapishane, kama tunavyofanya kwa wasimamizi wa mitihani.

Afisa Elimu Mstaafu

Na posho ya usafiri wao iko kwenye fungu lipi?