Colts wamemleta Gardner: je, ulinzi mzima unaweza kumtegemea konabeki mmoja wa bei kali?

Mshabiki wa Indiana aliandika:

Ndugu zangu wapenzi wa futiboli ya Kimarekani, salaam. Tangu tarehe 4 Novemba 2025, siku ambayo Colts, timu yetu ya Indianapolis, walimchukua Sauce Gardner, konabeki (mlinzi wa pembeni anayewakaba wapokeaji wa pasi), kutoka New York Jets, nimekuwa nikibishana na wenzangu kazini na bado sijaridhika na hoja yoyote, hata ya kwangu mwenyewe. Tumetoa nafasi zetu za raundi ya kwanza ya drafti (uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji chipukizi) za miaka 2 mfululizo, 2026 na 2027, tukaongeza mpokeaji kijana Adonai Mitchell, na juu ya hayo tumeubeba mkataba aliousaini Julai, wa miaka 4 wenye thamani ya dola milioni 120.4. Hiyo ni zaidi ya dola milioni 30 kwa mwaka kwa wastani, katika ligi ambayo mwaka 2025 ukomo wa mishahara ya timu nzima ulikuwa dola milioni 279.2.

Ubora wake siutilii shaka. Mwaka 2022 alikuwa Mlinzi Chipukizi Bora wa Mwaka, na msimu huo aliongoza ligi kwa kuzuia pasi. Kinachonisumbua ni kwamba katika misimu yake 3 kamili Jets hawakuwahi kupata ushindi mwingi kuliko vipigo: walishinda 7 na kupoteza 10, wakarudia vivyo hivyo mwaka uliofuata, kisha wakaporomoka hadi 5 kwa 12. Pasi alizonasa hadi anatufikia ni 3 tu. Najua jibu la haraka ni kwamba makwotabeki, yaani warushaji wa pasi, hawampelekei mpira, lakini swali langu linaanzia hapo hapo: mtu ambaye mpira haumfikii anailinda timu, au anaulinda upande wake tu?

Mkaazi wa Jersey alijibu:

Ndugu Mshabiki wa Indiana, mimi ni shabiki wa Jets na kidonda changu bado kibichi, kwa hiyo nitajitahidi kisiniandikie jibu.

Thamani ya konabeki hodari haipimwi kwa pasi anazonasa, bali kwa wenzake anaowapa nafasi ya kufanya kazi nyingine. Ulinzi una watu 11. Ikiwa mpokeaji hatari kuliko wote wa wapinzani anaweza kuachiwa mtu mmoja, bila sefti, mlinzi wa nyuma kabisa, wa kumsaidia, basi kocha amepata mtu wa ziada: anaweza kumsogeza mbele azuie mbio, kumwongeza kwenye kundi linalomvamia kwotabeki, au kumpeleka upande wa pili akamsaidie konabeki aliye dhaifu. Fedha zinarudi kwa njia hiyo, na haionekani kwenye takwimu za konabeki mwenyewe.

Rex Ryan, aliyekuwa kocha wa Jets, alilielewa jambo hili kuliko wengi. Mwaka 2009 alimwachia Darrelle Revis amfuate mpokeaji bora wa kila timu popote aliposimama, kulia au kushoto. Wiki ya kwanza Andre Johnson wa Houston aliondoka na yadi 35, na wiki ya pili Randy Moss wa New England akaondoka na yadi 24. Upande wake wa uwanja ukapewa jina la Kisiwa cha Revis, na Ryan, akijua kisiwa hakihitaji askari mwingine, akawatuma walinzi wake wamvamie kwotabeki kutoka kila pembe. Jets walimaliza msimu ule wakiwa wa kwanza ligini kwa uchache wa yadi na wa pointi walizoruhusu, wakafika hadi fainali ya AFC, mojawapo ya makundi 2 ya ligi. Tena walifika huko wakiwa na kwotabeki chipukizi, Mark Sanchez, ambaye msimu huo pasi zake 20 zilinaswa na wapinzani. Sijui ushahidi gani mwingine unahitajika.

Beki Tatu alijibu:

Mkaazi wa Jersey amesema kweli, ila hadithi ameikatisha kabla ya mwisho wake, na mwisho wenyewe ulichezwa hapa hapa Indianapolis.

Tarehe 24 Januari 2010, katika fainali hiyo ya AFC, Jets waliongoza 17 kwa 6 katika robo ya pili. Revis alifanya kazi yake barabara, kwani Reggie Wayne, mpokeaji wetu namba moja, alipata pasi 3 tu mchezo mzima. Peyton Manning hakushindana na kisiwa hata kidogo. Alitazama upande mwingine akawaona Pierre Garçon, aliyechaguliwa raundi ya 6 mwaka 2008, na Austin Collie, chipukizi wa raundi ya 4. Garçon akapokea pasi 11 za yadi 151, Collie akapokea 7 za yadi 123, kila mmoja akafunga tachidauni (kufikisha mpira kwenye eneo la lango la wapinzani), na Colts wakashinda 30 kwa 17. Ukimtafutia Revis kosa katika mchezo ule hulipati, na bado ulinzi wake ulipasuliwa vipande.

Kiini cha swali la ndugu yetu nakiona hapo. Timu inayoshambulia ndiyo inayochagua mpira uende wapi, kwa hiyo mpokeaji nyota anaweza kupelekewa pasi 12 kwa sababu wenzake wameamua hivyo, ilhali konabeki nyota hawezi kujipelekea hata moja. Kumbe fedha za mshambuliaji unazitumia utakapo, na fedha za konabeki zinatumika kwa hiari ya adui. Ulinzi wa pasi ni kama paa la bati: ukibadilisha bati moja ukaweka la gharama, maji yatapita kwenye lile lenye kutu.

Nimeyaona haya kwa macho yangu katika timu ya sekondari ninayosaidia kufundisha. Msimu uliopita tulikuwa na kijana mmoja mwenye miguu mirefu ambaye hakuna aliyemshinda mbio, tukamweka kushoto tukafurahi. Katika mchezo wa tatu, kocha wa wapinzani aliacha kabisa kurusha upande ule, akamwelekezea mipira yote mtoto wetu wa kulia, ambaye kila akigeuka kuutafuta mpira alijikwaa kwenye viatu vyake mwenyewe. Kijana wetu hodari alimaliza mchezo jezi yake ikiwa safi kabisa. Tulifungwa tachidauni 4.

Wakubwa nao hufanyiwa vivyo hivyo. Katika Super Bowl, yaani fainali ya ligi nzima, ya Februari 2015, Seattle walikuwa na Richard Sherman upande mmoja, lakini Jeremy Lane alivunjika mkono mapema, Tharold Simon akaingizwa, na Tom Brady, kwotabeki wa New England, akawa anamtafuta Simon pasi baada ya pasi. New England walishinda 28 kwa 24. Huyo huyo Revis alikuwa upande wa New England, kwa mkataba wa mwaka 1 wa dola milioni 12, lakini pasi iliyoamua ubingwa, pale yadi 1 tu kutoka langoni, ilinaswa na Malcolm Butler, kijana ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti.

Dada wa Philadelphia alijibu:

Naongeza machache tu kutoka huku kwetu, kwa sababu tumeonja pande zote 2. Mwaka 2011 Eagles, timu yetu, walimsajili konabeki Nnamdi Asomugha kwa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 60. Alikuwa amezoea kukaba mtu kwa mtu upande mmoja huko Oakland, hapa akahamishwahamishwa na kupewa maeneo ya kulinda, na timu ikamaliza na ushindi 8 na vipigo 8. Baada ya msimu wa pili aliachwa.

Februari 2025 tulichukua ubingwa kwa kuwafunga Kansas City 40 kwa 22, na makonabeki wetu 2 tuliowategemea sana walikuwa chipukizi waliotoka kwenye drafti ya 2024: Quinyon Mitchell wa raundi ya kwanza na Cooper DeJean wa raundi ya pili, ambaye alinasa pasi ya Patrick Mahomes, kwotabeki wa Kansas City, na kukimbia nayo yadi 38 hadi tachidauni, siku hiyo hiyo akitimiza miaka 22. Lakini kazi kubwa ilifanywa na watu 4 wa safu ya mbele, ambao peke yao, bila kuongezewa mtu wa kuwasaidia kuvamia, walimfanya Mahomes aangushwe mara 6. Fedha zangu ningezipeleka mbele.

Mshabiki wa Indiana aliandika:

Nawashukuru sana. Dada wa Philadelphia, hoja ya safu ya mbele naikubali, lakini kwotabeki huangushwa pia kwa sababu ametazama mpokeaji wa kwanza akamkuta amekabwa, akatazama wa pili, na muda ukamwishia. Je, Gardner hawezi kuwapa watu wetu wa mbele, akina DeForest Buckner na Laiatu Latu, hiyo nusu sekunde?

Beki Tatu alijibu:

Anaweza, na katika yote yaliyosemwa hiyo ndiyo sababu pekee inayonifanya nisiulaani mpango huu. Ila biashara hiyo ina pande 2, na aliyeionyesha vizuri zaidi ni konabeki Jalen Ramsey.

Rams wa Los Angeles walimnunua kutoka Jacksonville Oktoba 2019 kwa nafasi 2 za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya 4, kisha 2020 wakampa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 105. Mwaka huo kocha wa ulinzi, Brandon Staley, hakumfungia pembeni, bali mara nyingi alimleta ndani, karibu na mpira, ambako kwotabeki hawezi kumkwepa kwa kugeuza shingo tu. Rams wakawa wa kwanza ligini kwa uchache wa pointi na yadi walizoruhusu. Sasa tazama mchezo wa mwisho wa msimu uliofuata, Super Bowl dhidi ya Cincinnati. Ja'Marr Chase, mpokeaji wa Cincinnati, alimpita Ramsey, Ramsey akaanguka, na Chase akabaki peke yake akikimbilia lango. Pasi haikurushwa, kwa kuwa Aaron Donald, mtu wa safu ya mbele ya Rams, alikwisha kumkamata kwotabeki Joe Burrow na kumzungusha. Rams wakawa mabingwa kwa 23 kwa 20. Ni kweli konabeki humwongezea muda mtu wa mbele, lakini usiku ule mtu wa mbele ndiye aliyemwokoa konabeki, na kama Donald angechelewa kidogo leo tungekuwa tunaisimulia biashara ya Ramsey kwa sauti nyingine. Machi 2023 walimuuza Miami kwa nafasi moja ya raundi ya 3 na mchezaji mmoja wa akiba.

Aliyeongoza ulinzi wa Cincinnati usiku ule ni Lou Anarumo, ambaye mwaka 2025 alikuja kuwa kocha wetu wa ulinzi. Wiki 2 kabla yake, akiwa na makonabeki wa kawaida tu, alimvuruga Mahomes kwa kuwarudisha walinzi 8 nyuma katika kipindi cha pili, na timu yake ikatoka nyuma kwa 21 kwa 3 hadi kushinda 27 kwa 24 katika muda wa nyongeza. Mtu huyu amekwisha kuonyesha kwamba anaweza kuficha udhaifu bila nyota. Kwa hiyo Gardner naona atamfaa ikiwa tu atamwachia upande mmoja peke yake na kuzipeleka hila zote upande mwingine. Kwa kazi hiyo ningetoa nafasi 1 ya raundi ya kwanza bila kusita. Ya pili ningeibakiza, kwa sababu Buckner hazidi kuwa kijana, na mrithi wake hupatikana kwenye raundi ile ile tuliyoitoa.

Mkaazi wa Jersey alijibu:

Nafasi hiyo ya pili tunayo sisi sasa. Tukimpata huyo mrithi wa Buckner, nitarudi hapa kuwaarifu.