Binti wa miaka 17 na riwaya ya uchawi: anyang'anywe au arudishiwe?

Wanajamvi, nipo Kirumba, Mwanza. Binti wa dada yangu, miaka 17, amerudi kutoka bweni na riwaya ya vijana ya Kiingereza. Kisa ni cha nchi ya kubuni ambako uchawi ni marufuku, na anayezaliwa nao huwindwa na askari wa mfalme. Msichana mmoja anao, na anayemficha chumbani ni msichana mwenzake. Wanapendana, tena mapenzi hasa, si ushoga wa kusukana nywele. Shemeji anataka kitabu kichomwe moto. Mimi nimekisoma chote kabla ya kufungua mdomo, na nasema arudishiwe.

Nyumbani wote wanabishania mapenzi. Kilichonishika mimi ni uwindaji. Huku Usukumani bibi akiwa na macho mekundu ameshaitwa mchawi, wakati wekundu ule ni moshi tu wa kuni na kinyesi cha ng'ombe alichopikia miaka yote katika nyumba isiyo na dirisha. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa moshi! Wenye ualbino nao wamewindwa, kisa mganga kamwambia mvuvi au mchimba dhahabu kwamba kiungo cha mtu kinaleta mali. Hizo habari binti yetu amezisikia tangu utotoni, kila mara kutoka kwa walio nje ya mlango. Kitabu hiki kimemweka ndani, na anayegongewa. Akaniuliza: "Mama mdogo, yule jirani wa bibi kule Magu aliyehama usiku, alikwenda wapi?" Nilikuwa na miaka tisa bibi yule alipohama. Hadi wiki hii hakuna aliyewahi kumtaja mbele yangu.

Karibuni, hata wa kunipinga.

Mwalimu, Igoma: Dada, hoja ya vikongwe ni ya kweli, lakini unaruka kiunzi. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa sababu ya maadili. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kujamiiana kinyume na maumbile, kina miaka 30 hadi maisha. Nikikuta kitabu hicho dawatini nakichukua, maana nina ajira ya kulinda. Halafu riwaya nzuri hushawishi, ndiyo kazi yake. Miaka 17 bado ni mtoto.

Mzee wa Nansio: Mwandishi Kezilahabi ni wetu, wa Ukerewe hapa hapa. Riwaya yake *Rosa Mistika* ilipotoka 1971 walisema itaharibu mabinti, ikazuiwa shuleni. Leo inachambuliwa vyuoni. Mle ndani baba anampiga Rosa kwa ajili ya barua ya mvulana, na kilichomharibu ni ukali ule, barua haikumfanya kitu. Ila wasichana wawili, mwanangu, huko mimi sifiki.

Mtoa mada: Mwalimu, sijasema kiwekwe maktaba ya shule, na sitaki upoteze kazi. Nasema kwetu, sebuleni. Kifungu ulichotaja kinaadhibu tendo. Binti amesoma kisa. Kuhusu kushawishi, umenena. Basi nikwambie ukurasa ulionishawishi kuliko zote: askari wako mlangoni, msichana yule anaulizwa mwenzake yuko wapi, ananyamaza, huku akijua naye atauawa. Ukiyatoa mapenzi yao hapo, anamtoa mwenzake kabla hodi ya pili haijapigwa. Wangapi kule Magu walinyamaza namna hiyo kwa ajili ya yule bibi?

Mzee wangu, shikamoo. Huko usikofika sikulazimishi. Lakini umesema mwenyewe kilichomharibu Rosa. Shemeji ameshawasha kiberiti mara moja, nikamnyang'anya kitabu, na tangu siku hiyo binti hasemi na baba yake. Sijui moyo wake ukoje na sijamuuliza. Vyovyote ulivyo, akija kubisha hodi kwangu usiku nitamfungulia.

Kitabu kiko kwenye begi langu. Jumamosi nakwenda kwao, na nitampa mkononi, baba yake akiwepo.