Queen: tarehe ipi ina uzito zaidi, 31 Oktoba 1975 au 13 Julai 1985?

Mpenda Santuri
Wakuu, salaam. Naandaa kipindi cha redio cha saa moja kuhusu Queen, bendi ya roki ya Uingereza, na nataka kisimame juu ya siku moja tu. Nimebaki na mbili: 31 Oktoba 1975, wimbo wao Bohemian Rhapsody ulipotoka Uingereza, na 13 Julai 1985, Live Aid, tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, pale uwanja wa Wembley, London. Naelekea Live Aid kwa sababu hata asiyejua bendi ameshaiona ile video. Nipeni hoja, siyo ushabiki.

BesiNzito
Mkuu, 1975, sihitaji hata kufikiri. Dakika 5 na sekunde 55, hakuna kiitikio, halafu katikati opera! Watu wa kampuni ya rekodi waliona redio hazitaugusa. Kenny Everett, mtangazaji wa Capital Radio ya London, alipopewa nakala aliupiga mara 14 katika wikiendi moja, watu wakaanza kuuliza madukani kabla haujatoka. Ukakaa namba moja wiki 9. Na wakati huo jamaa walikuwa wametoka kuachana na mameneja wao wakiwa na madeni. Albamu yenye wimbo huo ingedoda, leo tusingekuwa tunabishana hapa.

Dada wa Shangani
Naomba kutofautiana. Ili uone ukubwa wa Live Aid lazima urudi Oktoba 1984, Queen walipokwenda kupiga Sun City, kituo cha starehe kilichokuwa Bophuthatswana, moja ya maeneo yaliyotengewa Waafrika huko Afrika Kusini, wakati Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii waisusie Afrika Kusini ya makaburu. Chama cha wanamuziki Uingereza kiliwapiga faini. Sisi Waafrika hatuwezi kuliruka hilo, na kipindi chako kisiliruke. Miezi tisa baadaye wanapanda jukwaani wakiwa na doa hilo, wana dakika kama 21, mbele ya watu 72,000.

Wenzao wengi walikuja kutumbuiza tu. Hawa walijifungia Shaw Theatre, London, wakaifanyia mazoezi kila dakika. Nyimbo sita, hakuna hotuba ndefu, hakuna wimbo mpya wa kutangaza. Freddie Mercury, mwimbaji wao, anaita "eeeh-oh", uwanja mzima unamjibu. Mimi nikiiangalia hadi leo mwili unasisimka.

Mzee wa Kanda
Vijana, mmeisahau 2 Julai 1971, onyesho la kwanza la John Deacon. Kabla yake wapiga besi walikuwa wakija na kuondoka. Alipoingia, wakabaki wanne walewale miaka 20. Na kila mmoja alitunga wimbo uliotikisa: Another One Bites the Dust, namba moja Marekani 1980, ni wa huyo mkimya. Radio Ga Ga ni wa Roger Taylor, mpiga dramu. We Will Rock You ni wa Brian May. Bendi ngapi zina watunzi wanne wa kiwango hicho?

Mpenda Santuri
Shikamoo mzee, hoja nzito hiyo, ila redioni siku ile sina sauti yake ya kuwapa wasikilizaji. Kuna wanaonishauri nianze 5 Septemba 1946, Zanzibar. Dada wa Shangani, unasemaje?

Dada wa Shangani
Kaka, hiyo ni tarehe ya Freddie, siyo ya Queen. Farrokh Bulsara, ndilo jina lake la kuzaliwa, alizaliwa hapa Unguja, akasomeshwa India, na familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Najivunia kwamba ni mtoto wa Mji Mkongwe, lakini bendi ilizaliwa London 1970. Itaje kwa sentensi mbili, uendelee.

Upepo wa Kusi
Mimi ningechagua 24 Novemba 1991. Tarehe 23 Freddie alitangaza kwamba ana UKIMWI, kesho yake akafariki akiwa na miaka 45. Huku kwetu miaka ile ugonjwa huo ulitajwa kwa kunong'ona, wengine walizikwa kwa "homa". Tamasha la kumuenzi, 20 Aprili 1992, likafuatiwa na mfuko wa Mercury Phoenix Trust, ambao umefadhili kazi za VVU hadi Afrika. Muziki gani mwingine umeacha hivyo?

BesiNzito
Hilo limenigusa, Upepo. Ila nirudi kwenye mbili za mwanzo: Live Aid walifungua na nini? Bohemian Rhapsody, sehemu ya piano, wakaikata kabla ya opera na kuingia moja kwa moja Radio Ga Ga. Opera ile hata kwenye maonyesho yao ya kawaida ilipigwa kwa kanda, wao wakitoka jukwaani. Kwa hiyo 1985 imesimama juu ya mgongo wa 1975.

Mpenda Santuri
Basi umenimalizia kazi. Naanza 13 Julai 1985, saa 12:41 jioni, Freddie anakaa kwenye piano. Zile noti za kwanza zinanirudisha 1975, kisha Sun City, kisha narudi Wembley. Novemba 1991 naipa robo saa ya mwisho.

Mzee wa Kanda
Ongeza na hili: albamu yao ya kwanza ilitoka 13 Julai 1973, miaka 12 kamili kabla ya Live Aid. Santuri ninayo, niandikie faragha nikurekodie upande wa kwanza.