Mjadala: Hisia ya kuwa mwanajumuiya inapimwa kwa alama moja?

Mleta mada: Wadau, kuna jambo linanikera. Mwaka 1986 wanasaikolojia McMillan na Chavis waliandika kwamba hisia hii ina sehemu 4: kujiona mmoja wao, kuwa na sauti, kutimiziwa mahitaji, na kushikamana kihisia. Mwaka 2012 watafiti Lin na Israel wakatoa dodoso la kuipima hisia hiyo kwa wapenzi wa jinsia moja, wa jinsia zote mbili na waliobadili jinsia. Lina maswali 22 na vipengele 6, kimojawapo kikiuliza kama jumuiya yenyewe ipo. Hicho nakipenda sana. Ubaya unakuja pale majibu yote yanapojumlishwa ukabaki wastani mmoja.

Chukua mwanamke anayependa jinsia zote mbili, ameolewa na mwanamume. Penye "nikihitaji msaada naupata" anajaza 5 (tuseme alama ni 1 hadi 5), kwa sababu alipofukuzwa kwao, wasagaji wawili ndio waliompa godoro. Penye "maoni yangu yanasikilizwa" anajaza 1, maana kila akifungua mdomo anaambiwa wewe una pa kukimbilia. Wastani wake 3. Mwenzake aliyejaza 3 kotekote, naye 3. Hawa wako sawa kweli?

Mchangiaji: Nakuunga nusu. Watafiti Frost na Meyer walitumia maswali 8 tu kupima ukaribu wa watu wa New York na jumuiya hiyo, na dodoso fupi watu hulimaliza. Ukimrundikia mtu maswali anachoka, anaanza kujaza bila kusoma. Halafu mwenye kituo cha ushauri nasaha anataka kujua kimoja: upweke umepungua au haujapungua?

Mleta mada: Upweke wa nani? Wanaume wanaopenda wanaume wakiwa ndio wengi kwenye sampuli, wastani utasema habari zao, na yule mama atamezwa humo. Sipingi ufupi. Nataka alama za kila kipengele zichapishwe, na wapenda jinsia zote mbili wawe na safu yao.

Mchangiaji mwingine: Mnagombania hesabu, mimi nilikwama kwenye neno. Niliwahi kupewa dodoso la namna hiyo. Nilipofika penye "jumuiya yako" kalamu ikasimama. Ipi? Ya kwenye baa, ambako sijawahi kukaa hata saa nzima? Ya mtandaoni? Mwishowe niliwafikiria watu wanne ninaowapigia simu usiku, nikajibu maswali yote kwa kuwahesabu hao. Nilipata alama za juu sana. Aliyezisoma hakuniuliza nilikuwa nawazungumzia akina nani.