MJADALA: Dawa za ngozi zisizo na jina, ziendelee kuuzwa Kadutu?

Naweka swali hili mbele yenu, watu wa Bukavu na wa pembeni. Wanaouza dawa za kienyeji za ngozi sokoni Kadutu waachwe hivi hivi, wakatazwe, au wawekewe sharti? Msimamo ninao na nitausema. Kwanza niwaeleze kilichonifikisha hapa.

Mtoto wa dada yangu ana miaka sita. Ukurutu ulimwanza akiwa bado ananyonya: nyuma ya magoti, kwenye mikunjo ya viwiko, shingoni. Usiku hujikuna mpaka shuka inaingia damu. Dada amezunguka vituo vya afya vitatu, kila kimoja kikampa kitube chake na maneno mawili, basi. Jirani akamwelekeza kwa mama mmoja sokoni. Kikopo kidogo cha plastiki, dawa ya kijani iliyokolea, inanuka mkaratusi, dolari tano. Aliambiwa: "Utamupakala asubui na magaribi. Kama inamuchoma, njo dawa inafanya kazi." Alipouliza ni majani gani, akajibiwa kwamba ni siri ya ukoo.

Siku ya tatu ngozi ilikuwa safi. Dada alinipigia simu analia kwa furaha, na mimi nilifurahi naye, maana nimemshika yule mtoto mikono usiku ili asijichane. Vikopo vinne vikaisha kwa miezi miwili. Cha tano kikakosekana, ule mama alikuwa amesafiri. Ndani ya wiki moja ukurutu ulirudi na mwenzake: ukapanda usoni, mahali ambapo haukuwahi kufika. Ngozi ya mapaja ikawa nyembamba, inang'aa kama ganda la kitunguu, na mishipa inaonekana chini yake.

Nikachukua mabaki ya kikopo, nikayapakaza kwenye sahani nyeupe kwa mgongo wa kijiko. Ndani ya ule ukijani kulikuwa na michirizi myeupe, laini. Na chini ya harufu ya mkaratusi kulikuwa na manukato ya krimu ya dukani. Mimi sina maabara. Lakini muuguzi aliyemtazama mtoto alisema neno moja: steroidi, dawa ya kiwandani inayotuliza ngozi upesi lakini huifanya nyembamba ikipakwa sana. Kwa dalili zile, alidhani ni ya ukoo wa klobetasoli, krimu kali ambayo watu huipaka ili kujichubua.

Jambo hili halikuzaliwa Bukavu. Mwaka 1999 madaktari wa London walichapisha matokeo ya kupima krimu 11 za mitishamba ya Kichina walizokuwa wakitumia wagonjwa wao wa ngozi. Katika hizo 11, nane zilikuwa na deksamethasoni, steroidi ya kiwandani. Wagonjwa waliamini ni majani matupu.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi majani ni uongo. Mtu wa Bukavu hawezi kusema hivyo huku kiwanda cha Pharmakina kiko mjini kwake, kikitoa kwinini kwenye maganda ya mti. Na ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda, waganga husaga mizizi ya mmea uitwao isagara, wakaichanganya na siagi ya ng'ombe, wakapaka yale madoa ya fangasi yanayosambaa kifuani na mgongoni. Wanakemia walipoichunguza ile mizizi wakakuta ndani yake kitu kinachopigana kweli na fangasi, wakakiita pentalongini. Wazee walijua kabla ya maabara.

Kwa hiyo ugomvi wangu ni na kikopo ambacho mnunuzi hajui kina nini. Napendekeza sharti tatu: majina ya majani yaandikwe kwenye kikopo, krimu ya kiwandani isichanganywe kamwe, na doa lisilosikia maumivu, ambalo huenda ni ukoma, lisitibiwe sokoni. Semeni.

Mama wa Kabare

Ndugu yangu, pole kwa mtoto. Nimesoma nikaumia mara mbili, kwanza kwa ajili yake, kisha kwa ajili ya mama yangu, kwa sababu mama ni mtu wa majani tangu kabla sijazaliwa, na sasa kila mwenye kikopo atawekwa fungu moja na yule mama wenu wa sokoni.

Nikwambie mama anavyofanya. Ukimletea mtoto mwenye mapunye kichwani, kwanza anamtazama nje, kwenye mwanga. Anauliza watoto wengine nyumbani wako namna gani. Anakwenda mwenyewe bustanini, anachuma, anaosha, anatwanga mbele yako kwenye kinu kidogo cha mti, anakamua kwa kitambaa. Unapakwa pale pale, na kesho unarudi kwa sababu majani ya jana ameshayatupa. Hapokei pesa mpaka kichwa kipone, isipokuwa sabuni au kilo ya sukari. Na wako watu anaowarudisha. "Hii si yangu," anawaambia, "peleka hospitali."

Lakini hilo la kuandika majina ya majani, hapana. Ile siri ndiyo shamba letu. Watu wenye madaftari wamekuja kwetu zaidi ya mara moja, wakauliza, wakabeba matawi kwenye mifuko, na hatukuwaona tena wala kusikia majani yetu yalifika wapi. Ukiandika jina kwenye kikopo, mwezi ujao kila kibanda kitauza jina lile lile na ndani kitaweka kinachotaka. Hapo umemkinga nani?

Papa wa Bagira

Mimi niko upande wa kukataza, na sitaomba radhi.

Mdogo wangu alitoka doa moja mgongoni, limepauka kidogo kuliko ngozi. Haliwashi, haliumi. Alipakwa majani, akachanjwa, akafukizwa, akaambiwa amerogwa na shemeji. Miaka mitatu. Siku moja tulikuwa tunakula, akashika sufuria iliyotoka motoni na hakuiachia. Tulisikia harufu kabla yake. Ulikuwa ukoma. Dawa ilipatikana, ilikuwa bure, na ugonjwa ulikwisha. Vidole viwili havikurudi.

Mama wa Kabare, mama yako ni mtu mzuri, naona. Wangapi wako kama yeye?

Kijana wa Essence

Wakubwa, shikamoni. Nauliza kitu kimoja tu: huyo mkaguzi atakuwa nani? Mimi napita Kadutu kila siku na moto (pikipiki) yangu. Mama mwenye meza ya majani anatembelewa na huyu ana karatasi, yule ana karatasi, wote wanataka franka. Mkiweka sharti mpya, mmewapa karatasi mpya. Mwenye krimu ndani ya kikopo ana faida kubwa, atalipa apite. Bibi wa majani halisi ndiye atafunga.

Na kingine. Mnasema "aende hospitali". Daktari wa ngozi hasa, wako wangapi hapa kwetu? Mtu anayeshuka kutoka Shabunda na kidonda chake atalala wapi akimsubiri?

Muuguzi, Ibanda

Nimefanya kazi hii muda mrefu, na nataka kuanza na kosa letu. Mgonjwa akisema amepaka majani, tunamgombeza. Basi wa pili, aliyemsikia wa kwanza akigombezwa, anaficha. Namtibu bila kujua ana nini mwilini. Siku hizi nauliza kwa upole, "Mama, nyumbani mlijaribu nini kwanza?", na karibu kila mtu ana jibu.

Papa wa Bagira, ulichosema kila mtu akishike. Doa lililopauka au jekundu kidogo, ukiligusa kwa ncha ya kalamu mtu hasikii: huo ni ukoma mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Tiba yake ni mchanganyiko wa dawa, miezi 6 kwa mwenye madoa machache, miezi 12 kwa mwenye mengi, na hutolewa bure duniani tangu 1995. Hakuna jani linaloua kijidudu kile, na kila mwezi unaopita ni neva zinazokufa.

Ukurutu ni kitu kingine kabisa. Hauna dawa ya kuumaliza, iwe ya hospitali au ya msituni, na anayekuahidi siku saba anakudanganya. Unatulizwa. Mtoto aoge haraka kwa maji ya vuguvugu, msimsugue kwa sabuni ya kufulia, na akiwa bado mbichi wa maji apakwe mafuta mazito ya mgando mwili mzima. Hayo peke yake hupunguza mengi. Krimu ya steroidi nayo ina kazi yake: ndogo, kwa siku chache, kwa kipimo, na usoni iliyo hafifu tu. Tatizo la kile kikopo ni kwamba mama alipaka kitu kikali miezi miwili akidhani ni majani, kisha akaacha ghafla.

Tena, "kama inachoma ndiyo inafanya kazi" ni neno ambalo limenitia watoto wengi mikononi. Ngozi ya ukurutu ina nyufa, inapitisha kila kitu. Ndimu ndiyo mbaya zaidi. Maji yake yakibaki kwenye ngozi na jua la mchana likapiga, ngozi inaungua, inatoka malengelenge, kisha inabaki na weusi kwa miezi. Na tazameni ajabu yake: kitu cha ukoo mmoja na kile kinachounguza kwenye ndimu kimo kwenye mmea wa ukingo wa Nile ambao Wamisri waliutumia tangu zamani kwa mbalanga, yale mabaka ya ngozi iliyopoteza rangi. Miaka ya 1940 huko Cairo kilitolewa kwenye mmea, kikapimwa, daktari wa ngozi El Mofty akawapa wagonjwa kwa uangalizi, na mpaka leo kinatumika pamoja na mwanga maalumu. Kinachounguza ndicho kinachotibu. Katikati yake kuna kipimo tu.

Papa wa Bagira

Asante, Muuguzi. Lakini kipimo hicho Kadutu kiko wapi? Ndiyo maana nasema funga.

Mama wa Kabare

Ukifunga, Papa, mama yangu ataacha, kwa sababu anaheshimu sheria. Yule mwingine ataingia chini ya meza.

Mwanzisha mjadala

Nimesoma yote mara mbili. Papa, nimefikiria ile sufuria usiku kucha. Hata hivyo sikubali kufunga, kwa sababu iliyotolewa na Mama wa Kabare: utamfunga anayeonekana.

Mahali ambapo nimebadilika ni hapa. Sharti langu la kwanza, la majina kwenye kikopo, naliondoa. Karatasi kwenye plastiki inaandikwa na yeyote, na Mama amenionyesha kwamba lingemnyang'anya mwenye haki bila kumzuia mdanganyifu. Badala yake nachukua kinu cha mama yake. Dawa ya ngozi itwangwe mbele ya anayeinunua. Jani bichi likitwangwa unaliona, unalinusa, huwezi kulichanganya na kitube bila jicho la mtu. Siri ya jina inabaki kwa mwenyewe, na mnunuzi anaondoka akijua alichopakwa kilitoka kwenye mti. Kwa hilo hatuhitaji mkaguzi, Kijana wa Essence. Kila mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kulidai, na asipotimiziwa aondoke. Dawa ya unga au ya mizizi itakuwa ngumu zaidi, nalijua hilo.

Sharti la krimu linabaki, bila kupunguzwa. Kuficha steroidi ndani ya majani ni kumwibia mtu mara mbili: unachukua pesa yake, na unachukua sifa ya wazee waliojua majani kweli. Sharti la doa lisilosikia linabaki, na natamani lisemwe kanisani, msikitini, na kwenye vyama vya waganga wenyewe.

Kuhusu wenye madaftari. Huko huko Kabare, pale Lwiro, kuna kituo cha utafiti kilichotokana na taasisi ya Wabelgiji ya 1947, na kina hifadhi ya mimea iliyokaushwa, kila tawi na jina lake. Kama kuna mahali pa kuanzia makubaliano kati ya watu wa majani na watu wa maabara, nadhani ni pale, na makubaliano yawe ya maandishi, jina la mwenye elimu likitangulia. Hili Mama ana haki ya kulidai kabla ya kufungua mdomo.

Mtoto yuko vizuri kidogo. Muuguzi mwingine anampunguzia krimu hatua kwa hatua, na kila jioni dada anampaka mafuta ya mgando akiwa bado na matone mgongoni. Juzi alilala mpaka saa kumi na moja bila kuamka. Uso bado mwekundu.

Mama wa Kabare, kichwani pa mdogo wa huyo mtoto kumetoka mapunye, duara mbili, Muuguzi amethibitisha ni fangasi. Kama mama yako atakubali, Jumamosi nitampandisha kwenu, na Muuguzi amesema angependa kuja kutazama, mikono mitupu, bila daftari. Niambie tuje na sabuni au na sukari.