Nimeshindwa kucheza siku ya mahari ya mdogo wangu. Nyinyi mnafanyaje?

Muuza vitenge, Mpondwe

Habari zenu, ndugu zangu. Nina jambo linalonikaba, na kijijini sina wa kumwambia, maana mimi ndiye wanayemletea mambo yao.

Naishi Mpondwe, wilaya ya Kasese, Uganda, karibu kabisa na mto Lhubiriha. Ng'ambo ni Congo. Jumanne na Ijumaa nauza vitenge sokoni. Siku nyingine ni VHT, mhudumu wa afya wa kijiji: nina buku langu, vipimo vya malaria vya watoto na viatu vya mvua. Kazi hii naifanya tangu 2014 na naipenda.

Jumamosi ya juzi ilikuwa siku ya mahari ya mdogo wetu wa mwisho. Wazee walileta endara, ile marimba kubwa ya sisi Bakonzo ambayo siku hizi hukutani nayo hovyo. Wakaitandika juu ya vigogo vya migomba, wapigaji wakakaa pande mbili. Shangazi akanivuta mkono. Nilicheza labda dakika mbili, simu ikatetemeka kiunoni. Nikasema nitaangalia mara moja tu. Nikaenda nyuma ya jiko.

Kwenye magrupu kulikuwa na ujumbe wa sauti wa mtu nisiyemjua, kuhusu homa fulani huko ng'ambo. Chini yake picha za vijana waliokamatwa baada ya kura za Januari. Chini yake mtu anauliza kama dawa za ARV zitakatwa tena. Nikasoma, nikashuka, nikasoma. Niliporudi uwanjani mbuzi walikuwa wameshahesabiwa, na mdogo wangu alikuwa ameshapiga magoti mbele ya wazee. Usiku alinijia jikoni akaniuliza, "Dada, ulikuwa wapi? Nilikutafuta kwa macho." Sikuwa na jibu.

Hali hii haikuanza jana. Januari 2025 ndiyo iliyonivunja. Ndani ya mwezi mmoja Marekani ilisimamisha misaada yake, na tarehe 30 wizara ikatangaza Ebola Kampala, muuguzi wa hospitali ya Mulago akiwa amefariki. Nina akina mama sita kijijini wanaomeza ARV. Walikuja kwangu mmoja mmoja, jioni, kwa mlango wa nyuma: "Tutapata dawa?" Sikujua. Tangu wakati huo naamka saa nane za usiku, mkono unatafuta simu kabla macho hayajafunguka. Ukaja msimu wa kampeni na kura za Januari 15, 2026, mambo yakazidi.

Na niseme jingine ambalo linaniaibisha. Mwaka 2021, intaneti ilipozimwa siku tano wakati wa uchaguzi, mimi nililala usingizi. Nilicheza mweso, bao letu la kete, na baba. Nilipika sombe, yaani kisamvu, polepole, ile ya kutwanga kwenye kinu mpaka iwe laini, tukala na bundu, ugali wa muhogo. Kumbe siku zilezile kuna watu walikuwa wanalia. Mpaka leo nikikumbuka ile sombe tamu, roho inanisuta.

Swali langu ndilo hili. Nikicheka nahisi nimewakimbia wale mama sita, na vijana wale kwenye picha. Nisipocheka, namkosa mdogo wangu na watoto wangu. Nyinyi mnafanyaje?

Bodaboda wa Ntinda

Pole sana dada yangu. Mimi si msomi wa mambo haya, nitakuambia yaliyonipata.

Agosti 2025 mama yangu alikuwa wodini, mimi nalala chini ya kitanda chake usiku, mchana natafuta hela ya dawa. Tarehe 18 Cranes, timu yetu ya taifa, wanacheza na Afrika Kusini pale uwanja wa Namboole, mashindano ya mpira ya CHAN. Abiria mmoja akanipa tiketi, yeye amepata safari. Nilikaa na ile tiketi mfukoni nikijiuliza, mtoto gani huyu anaenda mpirani mama yake mgonjwa? Dada yangu akanifukuza: "Nenda, leo zamu ni yangu."

Tulikuwa nyuma 3-1. Watu wakaanza kutoka. Dakika za mwisho tukapata penalti, halafu penalti nyingine, ikawa 3-3, tukaingia robo fainali. Nililia dada, mimi mwanaume mzima, nimekumbatiwa na mtu nisiyemjua jina. Nikarudi wodini saa tano usiku, sauti imekauka, nikamsimulia mama kila bao kwa kunong'ona ili wagonjwa wengine wasiamke. Alikuwa hajala siku mbili. Akasema, "Nipe uji, halafu anza tena kuanzia bao la kwanza."

Hayo ndiyo ninayoyajua mimi.

Mwalimu, Tororo

Dada, pole. Hapo kwenye intaneti, hata hivyo, tutofautiane kwa heshima. Kaka yangu wakati ule alikuwa anaendesha boda ya kuitwa kwa programu ya simu. Siku tano hakuna wateja, na nyumbani kuna watoto wanne. Usingizi wako haukuwa dhambi, usijitese kwa hilo. Ila tusianze kusema kwamba kuzimiwa ni kupumzishwa.

Nina ubishi huu kwa sababu nimechoka kusikia "achana na habari, furahia maisha." Shule zetu zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 10, 2022. Duniani hakuna nchi iliyofunga muda mrefu kuliko sisi. Darasani kwangu wasichana watano hawakurudi. Wawili niliwakuta sokoni wamebeba watoto mgongoni, wakaniinamia kwa aibu, mimi ndiye niliyeona aibu. Mtu asiniambie nisifuatilie nani anaamua nini kuhusu shule.

Ninachofanya: taarifa ya habari nasikiliza redioni, saa moja jioni, mara moja. Nakaa kitini na daftari, naandika la kuuliza kwenye kikao cha wazazi au kwa mwenyekiti wetu wa LC, baraza la mtaa, kisha nazima. Simu inabaki chumbani. Mwanzoni mikono iliniwasha, sikufichi. Wiki ya tatu ikazoea.

Na Agosti 2024 nilikwenda Mbale kwa akina mjomba, mwaka wa Imbalu, jando la Bagisu. Ngoma za kadodi zikapita barabarani, nikazifuata kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jua linazama, vumbi mpaka kwenye kope. Siku ile sikumfikiria waziri hata mmoja. Jumatatu nilirudi kwenye kikao cha wazazi nikauliza maswali yangu yote.

Nesi mstaafu, Bombo

Mwanangu wa Mpondwe, asalaam aleikum. Nimesoma swali lako mara mbili. Kaa nikusimulie, ni ndefu kidogo.

Mwaka 2000 nilikuwa nesi kijana Gulu. Mimi ni Mnubi wa hapa Bombo, nilipelekwa kule kikazi, Kiacholi nilijifunzia wodini. Vita vilikuwa bado vinaendelea, usiku tulisikia risasi. Oktoba Ebola ikatangazwa. Mpaka inaisha mwaka uliofuata, watu 425 waliugua na 224 wakafa. Pale hospitali ya Lacor alikuwepo Daktari Matthew Lukwiya, aliyekuwa masomoni Kampala, akaitwa, akarudi, akawa mmoja wa waliotambua mapema ni ugonjwa gani. Aliwauguza watu na wauguzi wake mwenyewe, mpaka ukampata. Alifariki Desemba 5. Mimi sikuwa hospitali yake, lakini siku ile mji mzima ulinyamaza.

Sasa nikwambie kitu ambacho hakimo kwenye ripoti. Jioni, baada ya kuvua magauni ya kazi na kuoga kwa maji ya Jiki mpaka ngozi inapasuka, tulikaa nje ya nyumba za wauguzi, sita tuliokuwa zamu moja. Kila mmoja na kigoda chake, mbali na mwenzake. Hakuna kushikana mikono, hakuna kupakua chakula kimoja. Na kusukana ndiyo kabisa haikuwezekana. Basi tukaanza kujisuka wenyewe, kila mtu kichwa chake, bila kioo. Mistari ilikwenda kushoto, ikarudi, ikaishia sikioni. Tulicheka mwanangu! Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Asubuhi tukavaa kofia, zikafunika yote, tukaingia wodini.

Mmoja wetu alikufa mwezi Novemba. Nilimhudumia siku zake za mwisho. Nimejaribu miaka yote hii kumkumbuka akiwa mgonjwa na sura hainijii. Inayonijia ni ile ya jioni, mkono mmoja umeshika msuko, mwingine unatafuta mwisho wake, anasema "msiniambie, msiniambie, najua umepinda."

Kama jioni zile tungezitumia kuhesabu waliokufa mchana, nisingekuwa na kitu chake leo.

Halafu hayo magrupu yako, naona yanakuletea ya kifo tu. Mjukuu wangu yuko Apac, kule ambako Aprili 2, 2025 chanjo ya malaria ilizinduliwa. Alipofika miezi sita akapata ya kwanza, ikafuata ya mwezi wa saba na wa nane, na ya nne atapata akifika miezi kumi na minane. Wakati wangu wodi ya watoto tuliwalaza watatu kitanda kimoja kwa malaria. Je, kuna aliyekutumia ujumbe wa sauti kuhusu hilo saa nane za usiku?

Lakini nina swali kwako, nataka unijibu kweli. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano alivuka kutoka Congo na Ebola, akafia hospitali ya Bwera, kisha bibi yake na mdogo wake nao wakafariki. Wewe ulikuwa VHT, na nyumba yako ipo palepale. Usiku wa siku zile ulikuwa unalala?

Muuza vitenge, Mpondwe

Asante Mama, asante wote. Nimechelewa kujibu kwa sababu swali la Mama lilinikalisha kitako.

Nililala. Nimejiuliza mara nyingi wiki hii kama kumbukumbu yangu inanidanganya, nikamuuliza na mume wangu. Amesema, "Ulikuwa unakoroma." Mwezi ule ambao kwa haki ningekufa kwa hofu, mimi nililala.

Nikatoa buku la mwaka ule kabatini. Limeliwa na mende pembeni lakini linasomeka. Kulikuwa na nyumba nilizopewa za kutembelea, siku 21, asubuhi na jioni. Joto la mwili, nani ametapika, nani hayupo na amekwenda wapi. Waliokuwa karibu na wagonjwa walichanjwa. Jioni napeleka hesabu kituo cha afya, nafunga buku, nanawa, nalala. Siku ya 21 bibi mmoja wa nyumba ya mwisho alipiga vigelegele akanipa kuku, nikamkatalia, akamfunga miguu na kumweka kwenye kikapu changu mwenyewe. Ugonjwa haukuenea kwetu. Ukurasa huo nimeuandika kwa kalamu nyekundu: HAKUNA HOMA.

Hofu ya saa nane za usiku haina buku, Mama. Sina nyumba ya kwenda kupiga hodi. Nasoma tu, halafu nasoma tena.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Wale mama sita nimewaandika ukurasa mpya, siku zao za kliniki na dawa zimebaki za siku ngapi. Jumatatu nilikwenda kituoni nikauliza ana kwa ana: dawa zipo. Nimepita nyumba zote sita kuwaambia, na nitauliza tena mwezi ujao. Habari ya magrupu mawili nimeimaliza, nimejitoa. Vijana wale waliokamatwa, hapo bado sijui la kufanya, Mwalimu. Mmoja ni mtoto wa jirani yangu wa sokoni. Nimeanza kwenda kukaa na mama yake Ijumaa tukishafunga vibanda. Hatuongei sana, tunakunja vitenge vyake pamoja. Juzi alinionyesha picha yake ya darasa la saba, kavaa tai ya baba yake, tukacheka wote wawili, naye akaendelea kucheka hata machozi yalipoanza. Nilitaka kumzuia. Nikamwacha.

Na nilikwenda kwa mdogo wangu. Nilimpelekea kitenge cha yadi sita, kile cha bluu alichokuwa anakiangalia tangu Desemba. Nikamwambia, nionyeshe nilichokikosa. Akaniweka kwenye kiti jikoni kwake, akachukua miiko miwili, akapiga endara juu ya masufuria, akawa anacheza zamu ya kila mtu: shangazi, mzee wa mahari aliyekosea kuhesabu mbuzi, yeye mwenyewe akipiga magoti. Alipofika mahali pangu akasimama, akanyoosha mkono. Nikanyanyuka. Simu niliiacha kwake usiku ule kwa kusahau, nikaifuata asubuhi.

Mwalimu, mwaka huu ni wa Imbalu tena. Mgeni kutoka Kasese anaruhusiwa kuzifuata hizo kadodi, au ni za wenyeji tu? Ningekuja na mdogo wangu. Nijulishe na viatu gani vinafaa.

Mwalimu, Tororo

Zinafuatwa na yeyote mwenye miguu. Njoo na raba, na leso ya vumbi. Mjomba wangu ana chumba cha wageni, nitamwambia mnakuja wawili.

Bodaboda wa Ntinda

Watatu. Mama yangu amesoma hapa, anasema na yeye anakwenda.